Wavu wa Kijito

Boko, Dar es Salaam
10 Novemba 2024

Wifi yangu Anjelina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama yetu Apolonia goti limempa nafuu. Sie huku tunapumua. Simu zangu hupokei tangu tulipomzika mume wangu Albano, ndiyo maana nimeandika, na barua nimemkabidhi Twalib, kondakta wa basi la Newala.

Najua kinachokukaa rohoni: kwa nini nilimzika mdogo wako huku, tena siku ileile tuliyompata, bila kukusubiri. Kwenye simu nilishindwa kusema. Ile mvua ya Aprili, kalavati la mtaa wetu liliziba kwa chupa na mifuko, maji yakaanza kuingia kwa majirani. Albano alishuka kulizibua kwa mikono. Zile taka zikaachia ghafla, maji yakamvuta. Tulimpata siku ya tatu kwenye mikoko, kijito kinapoingia baharini. Hakuwa wa kusubiriwa, wifi. Sikutaka umwone vile.

Tangu hapo kila Jumamosi nashuka mikokoni maji yakipwa. Nilianza peke yangu. Sasa tuko kumi na wanane. Yupo jirani yangu mwalimu Sekela, yupo mzee Cyprian aliyekuwa akishona nyavu. Tunatoa mifuko iliyojisokota kwenye mizizi, chupa, kandambili. Kuna utulivu wa ajabu pale. Kaa wadogo wanatoka matopeni, wanasimama, kama wanatusikiliza. Nikiinama sijui hata kama niko macho.

Nisamehe.

Wifi yako,
Editha


Newala
1 Desemba 2024

Editha,

Salamu nimezipokea. Mama hajambo kidogo. Mimi mzima.

Miezi yote hii nilikuwa nawaambia watu kwamba ulimzika ndugu yangu haraka ili uwahi mambo yako ya mjini. Nimesema hadi kanisani. Sasa sijui nianzie wapi.

Huku asubuhi ukungu unajaa bonde la Ruvuma hadi juu, mweupe, umetulia tuli. Mama anakaa anautazama. Anasema mwanawe amelala chini yake, ukipanda atamwona. Unapanda kila siku, na chini ni mashamba tu.

Achana na hayo maji. Rudi nyumbani.

Ila niambie: alikuwa amevaa nini?

Anjelina


Boko
19 Januari 2025

Wifi yangu,

Shikamoo, na pole na mama. Hali zetu nzuri, ni joto tu.

Alivaa shati la kijani la kitenge, ile sare ya harusi ya binamu yenu Edgar. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa. Mzee Cyprian alimfunika kwa shuka lake mwenyewe.

Huwa namwota. Amesimama kati ya mikoko, suruali kaikunja magotini, na maji ni masafi hadi nyayo zake naziona. Naamka na chumvi mdomoni.

Siwezi kurudi sasa. Mzee Cyprian ametushonea wavu kwa vipande vya nyavu chakavu. Tumeufunga hatua chache kabla ya kalavati, madumu matupu yanaushikilia juu. Taka zinanasa hapo, haziendi kuziba kalavati wala kuingia baharini. Lakini ukijaa bila kutolewa taka, wenyewe ndio utakaoleta mafuriko. Majirani wanaogopa. Mama mmoja alisimama kikaoni akasema, "Mume kaondoka na maji, sasa mke anataka kutuzamisha wote." Mjumbe wa mtaa ametuachia mpaka masika. Maji yakiingia hata nyumba moja, wavu unakatwa. Nimeahidi kwamba kila ikinyesha nitakuwepo.

Wifi yako,
Editha


Newala
23 Februari 2025

Wifi Editha,

Hujambo? Sisi tuna mgonjwa. Mama ameanguka, nyonga imevunjika. Hata uji anaukataa mkononi mwangu. Anakutaja wewe. Anataka kusikia habari za mwanawe kwa mtu aliyekuwa naye.

Nimefikiri siku nne. Njoo umuuguze. Mimi nitakuja kuushika huo wavu. Bahari sijawahi hata kuigusa, lakini mikono ninayo.

Funguo mwachie mwalimu Sekela.

Wifi yako,
Anjelina


Boko
13 Aprili 2025

Wifi yangu Editha,

Hamjambo huko? Mama anakula? Mimi mzima, ila mgongo unauma na miguu inanuka tope hata nikioga. Leo Jumapili ya Matawi, nimetoka kanisani ndiyo nimekaa kuandika. Katekista wetu wa huko nimemwandikia pia, awasomee watu kwamba nilikusingizia.

Mvua kubwa ilikuja Alhamisi alfajiri. Maji yalileta kila kitu: chupa, ndoo, godoro zima. Madumu yakaanza kuzama. Nikataka kushuka. Mzee Cyprian akanishika kanga. "Hapana, mama. Mmoja anatosha. Vuta kutoka juu."

Tukavuta kwa miti yenye ndoano, Sekela akijaza viroba. Ilipofika saa nne maji yalikuwa yanataka kupanda barabarani, na mikono yangu haikuwa yangu tena. Nikasema limetushinda. Mara nikamwona mama mmoja anakuja, kanga kaifunga kiunoni, viroba vitupu begani. Sekela akaninong'oneza, "Ndiye aliyemsema Editha kikaoni." Hakutusalimia. Akashika kamba ya wavu upande wa pili. Nyuma yake wakaja wengine, hata sikuwahesabu.

Maji hayakuingia kwa mtu.

Jana tulishuka mikokoni. Sekela alinipeleka mahali, hakuniambia ni wapi. Nilijua ndipo mlipompata. Jua lilikuwa linapenya kwenye majani, linatetemeka juu ya maji yasiyofika hata kifundo cha mguu. Nikainama, nikaanza kufungua mfuko uliojizungusha kwenye mzizi. Nikajikuta naongea na Albano, kwa Kimakonde chetu. Nilimwambia korosho zilivyokuwa, na paa la jikoni lililong'oka, na nani kaolewa. Nilizungumza muda mrefu, kama mtu anayeota. Nilipogeuka, Sekela alikuwa ameinama mbali, anajifanya hasikii.

Ndipo nikalia, mifuko mikononi. Tangu Aprili ile nilikuwa sijalia.

Usiharakishe kurudi. Mvua bado zipo, na mjumbe ameniandikia zamu mpaka Mei.

Wifi yako,
Anjelina