Tulimchagua Strand, Sasa Afukuzwe Kocha

Shangazi Loretta mpendwa, nakuomba unisikilize hata kama na wewe ni mmoja wa wale wanaonizomea, maana hapa mjini Buffalo siku hizi hata muuza mikate wangu ananiuliza, "Vipi bwana, umetuletea mlingoti mwingine?" na mimi nacheka kicheko cha uongo, nachukua mkate wangu naondoka. Mimi ndiye meneja mkuu wa timu yetu ya mpira wa kikapu, kazi yangu ni kuamua nani asajiliwe na nani aende zake, na juu yangu yuko mtu mmoja tu, mwenye timu, Mzee Kaczmarek, yule aliyetajirika kwa kuuza madirisha.

Shangazi, mwaka juzi siku ya kuchagua chipukizi, ambapo timu za ligi huchukua wachezaji wapya kwa zamu, zamu yetu ilikuwa ya nne, na chumbani kwetu kuna ubao ambao kila mchezaji ana kibao chake chenye sumaku, anayekaa juu ndiye tunayemchukua, na wasaka vipaji wangu wote sita, watu waliozunguka nchi nzima wakila vyakula vya viwanja vya ndege, walikuwa wamemweka juu yule mfupi, Tolliver, ambaye leo anatuchapa kila tukikutana na timu yake, basi mzee akaingia na boksi la mabawa ya kuku, akautazama ubao, akasema, "Ila yule mrefu, Strand, nilivyomwona mazoezini, looo! Sijui lakini. Nyie ndio wataalamu." Akakaa, akala. Mimi nikanyanyuka nikakishusha kibao cha Tolliver nikakipandisha cha Strand, na hakuna aliyepinga, kwa sababu kila mtu alijua mzee anataka nini, na mkataba wangu ulikuwa umebaki mwaka mmoja.

Strand ana miguu mirefu na roho safi, lakini pasi ikimfikia utadhani karushiwa sabuni. Msimu huu tumefungwa mechi hamsini na saba. Jumatatu mzee akaniita akasema, "Mtimue Ogletree. Ijumaa waambie waandishi ni uamuzi wako, kocha kashindwa kumkuza yule mrefu. Mimi nitakuwa Florida."

Terrence Ogletree ndiye kocha wetu, na ni rafiki yangu wa miaka ishirini, baba wa ubatizo wa binti yangu, na siku ile ya kuchagua hakuwemo kabisa chumbani, alikuwa Rochester kamlaza mama yake hospitalini, na kinachoniua Shangazi si kumfukuza tu, kinachoniua ni kwamba miaka hii miwili kila Jumapili akija kwangu ananipigapiga begani ananiambia, "Pole, ndugu yangu. Najua mzee alikulazimisha umchukue yule mrefu," na mimi namwongezea supu tu. Nikikataa, kazi sina. Nikikubali, sijui nitamtazamaje usoni. Hili kosa ni la nani, langu au la mwenye timu? Na Ijumaa niseme nini?

Ni mimi, Meneja Niliyebanwa.

SHANGAZI LORETTA ANAJIBU

Pole sana, baba. Barua yako imeniingia, na kabla sijakusema acha nijiseme mwenyewe. Ndiyo, nimekuzomea. Kiti changu kiko safu ya juu kabisa karibu na paa, na sauti yangu inafika chini. Hata Strand nilimzomea, siku aliyokosa mitupo huru sita, kumbe mama yake kakaa safu mbili mbele yangu. Aligeuka akanitazama. Sijawahi kuona aibu namna ile.

Haya sasa. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali mzee alipokulazimisha. Sijapaona! Nimemwona mzee akila mabawa na kusema nyie ndio wataalamu. Simtetei, usinielewe vibaya. Anajua fika neno lake lina uzito gani kwenye chumba cha watu anaowalipa. Analitupa tu hivi, kisha anajifuta mikono, mambo yakinyooka ni yeye aliyemwona Strand, yakiharibika ni wewe. Huo ni uoga, tena wa mtu asiye na cha kuogopa. Wako nauelewa zaidi, una familia na mkataba unakwisha. Lakini wasaka vipaji sita walikuwa mbele yako, na hukumwuliza hata mmoja. Mkono uliopandisha kile kibao ulikuwa wako.

Kwa hiyo kosa ni la nyote wawili, na sasa mnataka kumbebesha wa tatu, aliyekuwa amekaa na mama yake mgonjwa. Hapo nakukatalia kabisa.

Usingoje Ijumaa. Leo hii, ukimaliza kusoma, nenda kwa Ogletree. Usimpelekee zawadi, na usianze na habari za mzee. Mwambie kile kibao ulikipandisha wewe, na kwamba miaka miwili umekula pole yake usiyostahili. Ukishatoka kwake ndipo umpigie mzee huko Florida. Timu ni yake, akitaka kocha aondoke ataondoka, ila aje akae pembeni yako alitamke mwenyewe. Asipokuja, wewe waambie waandishi kwamba Strand ulimchagua wewe, kocha hakuwemo, basi. Wakikuuliza kama mzee alikushinikiza, sema ulimsikia ukamfuata. Ni kweli, na inatosha.

Huenda ukafukuzwa kweli. Itauma. Lakini kazi ya umeneja utapata mji mwingine, nimeona wabovu kuliko wewe wakipewa timu. Mtu wa kukupigapiga begani kila Jumapili wakati mji mzima unakuzomea, huyo utamtoa wapi?

Ogletree anaweza kukutukana. Mwache atukane mpaka amalize, usijitetee. Halafu Jumapili pika ile supu kama kawaida, weka na bakuli lake mezani, ingawa hujui kama atakuja.