Kengele Mfukoni mwa Baba

Ekerenyo, Nyamira
16 Julai 2024

Mpendwa dada Nyanchoka,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Zamu za hospitali huko Minnesota zinakuachia nafasi ya kulala? Mama anasema kile kikohozi chako ukitibu kwa tangawizi.

Baba yu hai. Naanza na hilo kwa sababu najua Drusilla wa shangazi ameshakupigia, na mdomo wake hauna breki.

Jumapili alfajiri, katika ukungu na mvua, mayowe ya ng'ombe kuibiwa yalitoka kwa jirani yetu Bosire. Unajua desturi ya kilima chetu: mayowe yakipigwa, kila mwanamume hutoka na rungu, na asiyetoka huulizwa. Tulikuta mtu ameshika kamba ya ng'ombe, kajifunika gunia kichwani, anayumba, haongei la maana. Bosire akasema, "Huyu amekunywa, hata haezi simama. Pigeni yeye."

Tukampiga. Sikufichi. Mateke yalimlaza matopeni, mtu akamvunja meno mawili kwa jiwe, na mimi nikashusha rungu mara mbili kwenye mkono aliojikingia kichwa. Nilisikia mfupa ukivunjika, na nilifurahi. Pikipiki ilikuwa imeshatumwa ikalete petroli ya kumchoma.

Hapo simu ikalia kotini mwake: kengele ya sukari ya damu kushuka. Niliiweka mimi mwenyewe siku kile kipimo cha kubandika mkononi ulichotuma kilipofika. Hapa kwetu hakuna mwingine mwenye kengele hiyo. Nikavuta gunia.

Nilimlalia baba, wakanipiga mimi, hadi waliponielewa. Simu ilisoma sukari mbili nukta moja, na chini ya nne tayari ni hatari. Mama alimpaka sukari kwenye ufizi mpaka akafumbua macho. Kumbe alijidunga insulini akatoka kwenda kuchuma chai kabla ya uji, akapotea, akaingia zizi la Bosire akidhani ni letu.

Sasa mkono uko kwenye plasta. Bosire ameleta kuku na machozi. Wengine nao wamekuja kuomba radhi, mmoja mmoja. Mimi ndiye ninayemlisha uji.

Hajui. Jana aliniambia, "Mose, huyo kijana alivunja mkono yangu, tafuta yeye. Usimguse. Mwambie akuje na baba yake, tuongee wazee wawili."

Niliendelea kushika kijiko. Nimwambie nini, dada?

Msalimie shemeji Machogu na mwanenu Linda. Mungu awalinde katika kila mlango mnaoingia.

Ndugu yako akupendaye,
Mose