Kocha wa Chuo Chenye Panya

Marcy, shoga, uko? Acha unachofanya usome hii.

Leo mdogo wangu Brynn kavaa kofia ya chuo cha Platte Fork mbele ya shule nzima, kutangaza kwamba ndiko atakakokwenda kucheza voliboli. Tumerudi nyumbani, skonzi za mdalasini hata hazijapoa, simu ikalia. Kocha Ruddock, yule aliyemchagua Brynn! Mama akaweka spika tusikie pongezi.

Pongezi gani! Anasema ameacha kazi Platte Fork. Kahamia Hadlow.

HADLOW, Marcy!! Kile chuo alichomkataza Brynn kwa mdomo wake mwenyewe, akasema bweni lao lina panya wakubwa kama paka.

Brynn kakauka, kofia kichwani. Halafu huyo bwana, bila haya: "Njoo huku, binti yangu. Sisi huku ni familia."

Familia! Neno lile lile, sauti ile ile ya siku alipokula skonzi nne za bibi hapa hapa mezani kwetu.

Mdogo wangu machozi yanamlengalenga. Hajasaini kitu, na hajui kama kocha mpya wa Platte Fork atamtaka.

Mara bibi, tuliyedhani anasinzia, akaisogelea simu.

"Kocha, nina swali moja tu."

"Uliza, bibi."

"Na hao panya, nao wamo kwenye familia?"

Marcy, kocha kakata simu!! Brynn kacheka mpaka kofia ikaanguka.

Kaiokota, kaivaa tena. Huyo kocha mpya wa Platte Fork, awe yeyote, atamkuta nayo kichwani.