Kahawa ya Radhi

Kismayo, 9 Februari

Ami Nassor,

Salamu zako zimefika, na dawa ya mama pia. Magoti hayamsumbui sana sasa. Wafaa ameota meno mawili.

Unasema Jamali aombe radhi, yaishe. Ami, mume wangu hakuiba chombo. Mzamiaji wake, Hussni, alitoka majini huko kisiwani Fuma, alikokuwa akizamia kamba koche, masikio yakivuja damu. Tajiri, mwenye chombo, aliambiwa kwa simu, akajibu waendelee kuvua. Jamali ndiye nahodha, akageuza chombo, akampeleka mgonjwa hospitali. Tangu siku hiyo hakuna tajiri Kismayo anayempa kazi. Kila anakobisha anaambiwa chama cha matajiri kimekataza, mpaka apeleke kahawa kwa tajiri wake na kukiri kosa mbele ya wenzake.

Ulinisimulia kwamba wewe na wenzako mlikianzisha chama ili msaidiane barafu na kutafutiana vyombo vikipotea. Kahawa ya radhi ilikuwa adhabu ya mabaharia waliotoroka katikati ya msimu. Leo hata muuza barafu anakiogopa chama hicho.

Jana niliipika kahawa hiyo mwenyewe. Jamali alifika mlangoni kwa tajiri, akarudi na birika limejaa.

"Nimuombe radhi kwa kumrudisha mchu hai?" aliniuliza kwa lahaja yetu.

Tulimwita Hussni, tukainywa sisi.

Basi usinitume tena nimbembeleze Jamali. Kanuni hiyo ya kahawa uliitunga wewe, na mwenyekiti wa chama bado anakuita mwalimu wake. Mpigie. Kama hutaki, niambie wazi, tuanze kufunga mizigo.

Mtoto wa nduguyo,
Rukia