Mwavuli Mmoja

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imenifika. Huku Kwai tupo tu. Mjomba wako alipeleka kabichi sokoni Soni, akarudi nazo, hazikununuliwa.

Unauliza kama ni haki kodi yetu isaidie shule za dini. Mwanangu, swali hilo limenichosha tangu utoto. Shule yetu waliijenga Walutheri kwa mawe ya kubeba kichwani, lakini walimu walilipwa na Serikali, kwa kodi ya watu wote, hata ya baba yangu Mwislamu. Ujamaa ulipokuja, Serikali ikaichukua.

Masika yale upepo uling'oa bati la paa la shule. Mwenyekiti wa kijiji akaita msaragambo, kazi ya pamoja, watu wote wakalitengeneze.

Wakristo wakasema, "Si yetu tena, wameichukua."

Baba akasema, "Ile ni ya kanisa, waitengeneze wenyewe."

Hakwenda mtu.

Sisi watoto tulisogeza madawati kwenye pembe kavu, nikabanana na Eliza, binti wa mzee wa kanisa, madaftari tumeyaficha kifuani. Dirishani tukawaona baba zetu wakipita njiani chini ya mwavuli mmoja, hawajalowa hata kidogo, wanabishana shule ni ya nani.

Bibi yako