Mjumbe Aliyeko Baharini

Dada yangu mpenzi,

Huku tu wazima, ila goti langu linanigomea kila nikipanda ngazi za ofisi. Mapazia uliyonishonea nimeyatundika sebuleni, na jirani haishi kuyashikashika.

Kamati ya taifa ya utafiti wa viumbe vya baharini bado naiongoza, ingawa siku hizi naongoza viti tu. Tuna kanuni ya zamani: mjumbe akiwa baharini kikazi huhesabiwa yupo, na kimya chake ni ndiyo. Tuliiweka ili wapiga mbizi wasikwamishe vikao.

Jana uliletwa mradi wa kuvunja mwamba wa matumbawe ili meli kubwa zipite. Kura zikalingana. Katibu akaita jina la mwanao, kisha akajijibu mwenyewe, "Yuko baharini."

Mjumbe wa bandari akatabasamu. "Basi amekubali, mama mwenyekiti."

Dada, boti yao ilizama tangu mvua zilizopita. Matumbawe yale ndiyo aliyoyafia, na jana yamehukumiwa kwa kura yake. Neno langu moja lingeifuta. Lakini uliniapisha nisimwite marehemu mpaka mwili uonekane, na najua bado unamfulia mashuka. Nikanyamaza.

Jumatatu tunathibitisha maamuzi ya kikao, na hapo bado naweza kupinga. Nipe ruhusa niseme amekufa. Kitanda chake kiache kimetandikwa ukipenda, lakini pale mezani, dada, niache nimzike, kabla hawajampigisha kura nyingine.

Mdogo wako