Ukurasa wa Theluji Ukutani

Keza, Ngara, tarehe 9 Mei 2004. Ni miaka thelathini na miwili sasa tangu nivuke mto Ruvubu.

Mpendwa mshauri Mama Speciosa, naomba msaada, na nakuomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana habari yangu ni ya vitabu vya katuni na mimi nina umri wa miaka sitini na minne. Ninavyo ishirini na sita, vya Kifaransa, vya tangu utoto wangu Burundi, tulivyokuwa tukipewa na mapadri wa misheni kama zawadi ya darasani mimi na kaka yangu Nzeyimana, na mwaka 1972 nilipokimbia ndivyo nilivyobeba, nikaacha blanketi, nami sijui mpaka leo kwa nini.

Mhusika mkuu wa vitabu hivyo ni tarishi mmoja anayepeleka barua kwa baiskeli katika nchi ya theluji. Sisi theluji hatukuijua, na kaka yangu, ambaye alikuwa na neno juu ya kila kitu, aliandika kwa penseli pembeni mwa kila picha maelezo yake ya Kirundi, na kwenye ukurasa ule ambapo theluji imefunika barabara yote aliandika kwamba tarishi amemwaga unga wa muhogo wa mkewe na sasa anatoroka kipigo. Nzeyimana hakuvuka. Mwandiko wake sina popote pengine.

Nilipofika huku niliviogopea mchwa na wadudu watoboao, nikafanya kama tunavyofanya mahindi ya mbegu, nikavitia ndani ya mfuko nikavitundika jikoni juu ya mafiga vifukizwe moshi, vikakaa misimu mitatu, na nilipovishusha vilikuwa rangi ya chai na kurasa zinakatika zikikunjwa. Mke wangu Selestina, ambaye ni mzaliwa wa hapa, hunitania mpaka leo: "Mbegu zangu zimeota miaka yote, baba Laurian, zako lini?" Tangu hapo vimelala kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, nimevizungushia plastiki.

Lazima nikueleze na jambo hili. Sisi tuliovuka pamoja tulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeipanga, kwamba hatupigilii msumari ukutani. Koti lilitundikwa kwenye mlango, picha ya harusi ilikaa sandukuni, kwa sababu msimu ujao tunarudi, na mtu anayerudi hatundiki. Nimejenga nyumba mbili hapa Keza, na hakuna ukuta niliougongea msumari kwa mkono wangu.

Sasa macho yangu yanapungua na penseli ya kaka inafifia, nikawa nawaza angalau nivitoe nivione kila siku, na wajukuu wavione. Nikiwa bado nawaza, Pasaka ilifika, tukawa na ubatizo wa mjukuu, na mkwe wangu Felisita akaja ananiita kwa furaha, "Baba, shikamoo! Njoo uone nilivyokupambia sebule!" Nikaingia. Alikuwa amepika uji wa unga wa muhogo, kama watu wanavyobandika magazeti, akabandika ukurasa ukutani juu ya kiti changu. Ni ule wa theluji. Alikuwa amefungua sanduku akitafuta pambo, akaukuta umekatika wenyewe, akadhani hauna kazi. Nikamwambia, "Umemzika ndugu yangu mara ya pili," nikatoka nje, na wageni wakala pilau bila mimi. Tangu siku ile shikamoo yake naiitikia kwa kichwa tu. Mwanangu Laurian anasema vilivyobaki vipelekwe mjini vifunikwe plastiki kwa ile mashine ya moto.

Na wakati huohuo malori yanarudisha watu kutoka kambini kila wiki, na mpwa wangu ameniandikia kutoka nyumbani kwamba shamba letu lipo, njoo. Ndoto zangu zote ni za kilima kile. Sasa nishauri: nitavionyeshaje vitabu hivi visiharibike, na ukurasa ule nitautoaje ukutani?

Ni mimi, Bonaventura.

MAMA SPECIOSA ANAJIBU

Mzee wangu Bonaventura, shikamoo. Sikucheka, isipokuwa pale pa moshi, na hapo nilicheka kwa sababu na mimi nimefanya makosa ya namna hiyo. Kabla ya kukaa kwenye meza hii nilitunza vitabu vya ubatizo vya parokia huku Nyarubungo miaka kumi na minne, kwa hiyo leo umempata mtu wa karatasi.

Naanza na kukugombeza ili tumalize. Felisita alikuona mzee asiye na picha hata moja ukutani, akakuonea huruma. Angejuaje kuwa ule mwandiko ni wa marehemu, wakati umeuficha chini ya kitanda miaka yote ya ndoa yake? Mtoto wa watu anakuamkia asubuhi nawe unamtikisia kichwa kama hakimu! Kesho itikia marahaba kwa sauti, kisha umsomee maneno ya kaka yako, na umweleze kwa Kiswahili yanasema nini.

Sasa vitabu. Plastiki iondoe leo hii, inatoa jasho na jasho linaleta ukungu. Mwambie Laurian mashine ya moto hapana, kitu kikishaingia humo hakitoki. Vile vipini vya chuma vilivyoshika kurasa vina kutu bila shaka. Vinyanyue taratibu kwa kisu butu, ushone kwa uzi wa pamba. Selotepu usiiguse. Penseli usiisugue wala kuipitishia penseli nyingine juu, hata kama inafifia. Nakili maneno yale kwenye daftari, na mwandiko wake uuache kama alivyouacha.

Fundi akutengenezee rafu ya mbao kavu kwenye ukuta wa ndani, usiopakana na jiko wala kupigwa na jua la jioni. Iwe wazi nyuma, ipumue, na miguu yake isimame ndani ya makopo yenye oili chafu, mchwa wasipande. Vitabu vilale, visisimame, kwa maana vimechoka kama sisi. Kati ya kimoja na kingine weka karatasi nyeupe safi, na kwenye pembe vifuko vya majani makavu ya mwarobaini. Kinachoonyeshwa kiwe kimoja tu, ndani ya fremu yenye kioo, na vijiti vyembamba vizuie kioo kisiguse karatasi. Mwezi ukiisha, kipumzishe, weka kingine. Wajukuu wanawe mikono na kuikausha kabla ya kuvishika.

Ukurasa wa ukutani ndio mgumu, na sitakudanganya. Uji wa muhogo ukishakauka kwenye udongo, karatasi iliyofukizwa moshi haitoki nzima. Ukiloweka, karatasi itasambaratika na mwandiko utakwenda nayo. Ukibandua, utapata vipande. Njia ni moja: uache palepale, uuzungushie fremu na kioo hapohapo ukutani, uzibe pembezoni mende wasifuate muhogo. Fremu hiyo lazima ishikwe kwa misumari, mzee, minne. Na ukishaigonga, ukurasa huo ni wa nyumba hiyo. Siku ukipanda lori utauacha.

Kwa hiyo rafu nimekufundisha, lakini kurudi au kubaki siwezi kukuamulia, wala usingoje sanduku likuamulie. Kaa na Selestina, semeni. Ukiamua kwenda, nenda ukiwa na nguvu, vitabu vyako vikiwa vimefungwa kwa kitambaa cha pamba. Ukiamua kubaki, nunua misumari.

Keza, tarehe 20 Juni 2004.

Mama Speciosa, asante. Fundi Telesfori ametengeneza rafu na fremu, nami nikamwambia fremu ya ukutani nitaigonga mwenyewe, anipe nyundo. Felisita alishika kioo. Selestina alisimama mlangoni akihesabu, "Wa kwanza. Wa pili," na nilipoishusha nyundo kabla ya wa tatu akasema, "Gonga, baba Laurian, ukuta ni wako." Nilipomaliza nikawasomea maneno ya Nzeyimana kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, na Felisita akasogeza uso kwenye kioo, akatazama theluji ile na uji wake uliokauka pembeni. Akasema, "Basi marehemu hakukosea, baba. Unga wa muhogo si huu hapa?" Nilicheka mpaka nikakaa chini, na machozi yakaja yenyewe.

Bado nakiota kilima. Hata jana nimekiota, na kaka yangu akishuka njia ya kisimani na kitabu mkononi. Asubuhi nikamwandikia mpwa wangu kwamba shamba alilime, ni lake. Mimi sitarudi.